Naomba ushauri: kufunga alamu za majumbani kama kazi ya ziada

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi umeme Dar, leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ninayo, na kazini natoka saa kumi jioni. Wateja niliowawekea umeme Goba na Madale wananiuliza kuhusu alamu, nikaona nianze jioni na wikiendi.

Kuvuta waya na kuweka betri ya volti 12 ili umeme ukikatika king'ora kisizime, hapo sina shida. Kinachonitisha ni simu za saa nane usiku: paka kapita mbele ya sensa (kile kifaa kinachohisi mtu akipita), mtaa mzima umeamka. Mnawatozaje matengenezo, kwa mwezi au kila ukiitwa? Na kwa kuanzia, nichukue za laini ya simu au za waya? Za bei chee Kariakoo siziamini sana.