MJADALA: Matatu za safari ndefu ziruhusiwe kufika kilomita 100 kwa saa?

Msafiri wa Nakuru: Tangu sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zianze 2004, matatu haifai kupita 80. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Kwa 80 ni saa 2, kwa 100 ni saa 1 na dakika 36. Kwa nini tunyimwe dakika 24 kila safari?

Mwalimu wa fizikia, Kasarani: Hizo 24 ni za daftarini. Jioni, kutoka mjini hadi Rironi, kama kilomita 30, unatumia saa moja na nusu. Zinabaki 130. Kwa 80 ni saa 1 na dakika 38 hivi, kwa 100 ni saa 1 na dakika 18. Umepata dakika 20, tena kama hakuna lori mbele yako hadi Nakuru. Na ukigonga kwa 100, nishati ya gari imezidi ile ya 80 kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kasi hupigwa mraba. Lakini utamweleza nani? Madereva wetu walilala darasani.

Dereva, Accra Road: Nani alilala? Nina miaka 17 barabarani na sijawahi kuangusha abiria. Wastani nautoa kichwani. Nikienda Nakuru kwa 80 nirudi kwa 40, ni 60.

Mwalimu wa fizikia, Kasarani: Si 60. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 4. Kilomita 320 gawa kwa saa 6, unapata 53. Ule mwendo wa polepole umekula muda mwingi zaidi, kwa hivyo huwezi kuzipa kasi hizo mbili uzito sawa.

Dereva, Accra Road: Ya 53 nimekubali. Ya kulala sikubali. Niliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo.

Mama wa Umoja: Mwalimu, omba msamaha. Baba yangu aliendesha basi na sote watano tukasoma.

Mhasibu, Ruaka: Matusi hayafai, lakini ndugu dereva, juzi mmoja wenu alipita malori matatu kwenye kona pale Kikopey, na mimi nikiwa ndani. Hiyo nayo ni hesabu gani?

Dereva, Accra Road: Ni hesabu ya mwenye gari. Jioni anataka pesa yake kamili, niwe nimepiga safari mbili au tatu. Saa moja na nusu ikiliwa na msongamano, nitaifidia wapi kama si barabara ikifunguka? Niandikwe kwa mshahara, hata 60 nitaenda.

Msafiri wa Nakuru: Jamani, niliuliza kuhusu 100.

Mwalimu wa fizikia, Kasarani: Dereva, lile neno nimeliondoa. Nisamehe.

Mwenye gari, Kikuyu: Mmenigusa sasa. Huo mshahara nitautoa wapi, na benki inangoja mkopo wake kila mwezi, gari liwe barabarani au gereji?