Naomba ushauri: springi za valvu na konrodi, nataka injini ya 163cc ifike mizunguko 6000

Kigari_Chetu
Wakuu habarini. Nina injini ndogo ya petroli ya silinda moja, hizi za kuvuta kamba zinazofungwa kwenye pampu za maji na majenereta, kwenye kava imeandikwa 163cc. Kiwandani imewekewa mwisho mizunguko 3600 kwa dakika, mimi nataka 6000. Naomba kujua springi za valvu ziwe ngumu kiasi gani, na je konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu) iliyokuja nayo itavumilia au nitafute ile nzito inayochongwa kwenye bonge la alumini? Pia hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nataka ikakwanguliwe milimita 1 ipande kompresheni, yaani mgandamizo, fundi ananisubiri mimi tu. Nimesoma sana ila kila mtu anasema lake, usiku usingizi hauji nawaza hii kitu.

Natazama
Ngoja waje wenye fani, nimekaa siti ya mbele.

MzeeKrenki
Mkuu wengi wanadhani konrodi inavunjwa na mlipuko, kwenye mizunguko mikubwa sio hivyo, inavunjwa pale pistoni inapofika juu inalazimishwa kugeuka na hakuna moto wa kuisukuma, hapo konrodi inavutwa kama inataka kuchanika. Na huo mvuto unapanda kwa mraba wa mizunguko, ukitoka 3600 kwenda 6000 unaongezeka karibu mara 2.8. Konrodi ya kiwandani haikutengenezwa kwa hiyo kazi. Sasa nijibu, gavana, ile inayozuia mizunguko isipite kiwango, bado ipo? Vipimo vya ndani umechukua? Na unafunga kwenye nini?

Kigari_Chetu
Asante mzee. Gavana nilishaitoa. Hedi iko mezani, nimepima mwenyewe, kipenyo cha silinda 68 na mwendo wa pistoni 54. Inafungwa kwenye mradi wangu binafsi, naomba tusitoke nje ya mada, swali ni springi na konrodi.

Baharia wa Nchi Kavu
Springi usiende ngumu kupita kiasi. Mimi niliwahi kufunga injini ya aina hii kwenye kimtumbwi, nikaweka springi ngumu kuliko zote nilizoziona maana nilijua ngumu ndio bora, ikanguruma vizuri kabisa siku za mwanzo halafu ikaanza kupoteza nguvu kidogo kidogo, nikabadili plagi, nikasafisha kabureta, nikagombana na muuza mafuta, kumbe nundu za kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, zimelika na pushirodi moja, kifimbo cha kusukuma valvu, imepinda. Nilirudi kwa kupiga kasia. Mtumbwi wenyewe nilishauuza, sasa hivi nafuga nyuki na nina amani.

DadaTorki
Nyuki tutawajadili siku nyingine kaka. Springi kazi yake ni kuifanya valvu ifuate kemshafti bila kuelea, basi. Zikiwa laini, mizunguko ikipanda valvu inachelewa kufunga, zikiwa ngumu zinakula kemshafti. Unachagua kulingana na kemshafti na mwisho wa mizunguko yako, sio kwa sifa.
Ila kuna kitu kimoja hujagusa kabisa na ndicho nilitegemea ukitaje kwanza. Flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye krenki, ni ipi?

Kigari_Chetu
Ni ileile iliyokuja nayo, ya chuma cha kumimina. Nilipeleka ikakerezwa kupunguza uzito ili injini ipokee haraka, imetoka safi sana, fundi ana mkono mzuri.

MzeeKrenki
Simama hapo hapo. Usiiwashe hiyo injini.
Chuma cha kumimina kinavumilia kugandamizwa, kuvutwa hakiwezi. Flaiwili ikizunguka ukingo wake unataka kukimbilia nje, na nguvu hiyo nayo inapanda kwa mraba. Hakipindi kikakuonya, kinapasuka mara moja na vipande vinatoka kwa kasi ambayo lile kava la bati halizuii chochote. Umetoa gavana, umepunguza nyama kwenye flaiwili, mkwaruzo mmoja wa kisu cha mashine unatosha kuanzisha ufa. Watu wa mbio za vigari wakitoa gavana, flaiwili ndiyo wanayobadili kwanza. Nani atakaa karibu na hiyo mashine?

Kigari_Chetu
Ni kigari cha mwanangu, ana miaka 11. Injini iko nyuma ya siti. Na kabla hamjanirukia, helmeti ipo, ataendesha kwenye uwanja wazi mimi nikiwepo, na kava nimeliongezea vyuma. Hela ya kukereza nimeshalipa, springi nimeshaagiza, nimemuahidi mtoto. Sasa mnataka nirudi nyuma?

DadaTorki
Kumbe springi umeshaagiza! Ulikuwa unatuuliza nini?

Mama Wawili
Mimi injini sizijui ila nimesoma huu uzi mwili unasisimka. Baba, mtoto hajui mizunguko 6000, anajua baba yake amesema ni salama. Hilo tu.

Spana17
Huyo dogo mpeni leseni ya rubani kabisa 😂 Ila serious bro, unatafuta spidi mahali pabaya. Badili sproketi, zile gia za mnyororo. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 35, mzunguko mmoja linatembea kama mita 1.1. Injini ikiwa 3600 na uwiano wa sproketi 6 kwa 1, tairi linazunguka mara 600 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 40 kwa saa. Kwa mtoto wa miaka 11 aliyekaa sentimita chache kutoka ardhini hiyo ni spidi kubwa sana tayari. Na gavana inabaki.

Kalkuleta
Samahanini wazee mnajibu kwa moyo ila mimi naona hii ni chai. Piga hesabu. Silinda ya 68 kwa mwendo wa 54 ni 196cc, sio 163. Ili upate 163 kwenye kipenyo cha 68 mwendo lazima uwe 45. Mtu anasema kapima mwenyewe hedi ikiwa wazi, halafu injini yake haipo duniani. Hakuna injini, hakuna mtoto, kuna mtu anatafuta watu wa kujaza uzi.

Natazama
Eeeh! Mleta uzi tupia picha.

Baharia wa Nchi Kavu
Na mimi nimemwaga stori yangu yote ya mtumbwi jamani.

Kigari_Chetu
Kalkuleta nimekukosea nini? Nimekuja hapa kwa sababu sina wa kumuuliza. Kava limeandikwa 163, kalipa inasema 54, nimepima tena sasa hivi ni 54. Picha nimepakia hapo chini, angalia mwenyewe.

MzeeKrenki
Jamani taratibu. Kalkuleta hesabu yako ni sahihi, hukumu ndio imewahi. Kava la feni linahamishika kati ya injini za 163 na za 196, mtu akiuza injini iliyotumika anafunga kava lililo zima. Maandishi ya kwenye kava sio ushahidi wa kitu.
Kuna uwezekano mwingine mbaya zaidi, krenki ya 196 kuwekwa kwenye injini ya 163. Hapo mkono wa krenki unakuwa mrefu zaidi kwa milimita 4.5, ukiacha pistoni na konrodi za zamani pistoni itatokeza juu ya silinda kiasi hicho na kugonga hedi. Kigari_Chetu, zungusha kwa mkono pistoni ifike juu kabisa kisha weka rula juu ya silinda.

Kigari_Chetu
Nimeweka. Pistoni iko sawa na uso wa silinda, haitokezi.

MzeeKrenki
Basi ni 196 kamili, kava tu ndio la kuazima. Na angalia ulivyoponea, ungeagiza vifaa kwa kufuata maandishi ya 163 vingeweza kuja visivyo vyako. Vifaa vya hizi injini agiza kwa vipimo sio kwa stika. Hata shafti ya kutokea, nyingine ni milimita 19.05 nyingine 20, klachi ya moja haikai kwenye nyingine na kwa macho huoni tofauti.

Kalkuleta
Picha nimeona. Nafuta neno chai, samahani ndugu. Nakulipa kwa hesabu ya hedi basi. 196 ikiwa na kompresheni ya 8.5 kwa 1, nafasi juu ya pistoni ni kama cc 26. Ukikwangua milimita 1, na chumba cha kuchomea mafuta ndani ya hedi kikiwa kipana kama silinda, unaondoa cc 3.6, unaishia karibu 9.7. Kikiwa chembamba zaidi inapanda kidogo tu. Usikisie, pima chumba kwa sirinji na mafuta ya taa kabla ya kumpa fundi hedi. Na ukishakwangua, valvu zinasogea karibu na pistoni, weka plastisini juu ya pistoni, funga, zungusha kwa mkono, fungua uone imebaki unene gani. Kliaransi za valvu, yaani ule upenyo mdogo unaoachwa valvu ikiwa imefunga, nazo zirudishwe kwenye kipimo cha kiwanda.

Kigari_Chetu
Sawa. Flaiwili ile naitoa, natafuta nyingine nzima isiyoguswa na mashine. Hedi siiachi, ila naanza na nusu milimita. Sproketi ya Spana17 nimeikubali. Gia ya gavana bado ninayo, tatizo tundu la shafti yake kwenye bloku nililiziba kwa epoksi oil isivuje. Linafunguka?

DadaTorki
Linafunguka. Mwaga oil, fungua kava la pembeni, toa krenki na kemshafti, pasha epoksi joto taratibu hadi ilegee halafu isukume kutoka ndani kwenda nje ili vipande visibaki kwenye bloku. Safisha yote maana injini hii haina pampu ya oil, inategemea kile kijiko cha konrodi kurusha oil, na kipande chochote kikibaki kitarushwa nacho. Wakati wa kurudisha, alama ya gia ya krenki itazame alama ya kemshafti kabla hujafunga kava. Na hiyo springi ngumu uliyoagiza, kwa mizunguko 3600 huihitaji, irudishe kama bado wanaipokea.