Tupeane uzoefu: vijibustani vya vichimbakazi tunavyotengeneza na watoto huku Uingereza

Mzee wa Leicester: Wadau, nimepita dukani kununua udongo wa maua nikakuta meza nzima ya vichimbakazi, wale "fairies" wa ngano za Kizungu: vijumba vya uyoga, viti saizi ya kidole. Mwezi wa nne ukiingia tu, ni hayo hayo. Binti keshajaza kapu. Mliopitia, leteni mbinu na visa.

Mama Nunu: Usinunue. Beseni bovu linatosha, vijiti vya aiskrimu ndio uzio. Panda taimu ile inayotambaa na sedumu, ukoga wa kijani bandua ukutani pasipopigwa jua. Toboa matundu, tanguliza kokoto chini.

Ndoo Tupu: Kokoto za nini? Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ushibe kabisa. Unaozesha mizizi bure. Matundu tu.

Mama Nunu: Baba kapandia kokoto Moshi maisha yake yote, hakuna kilichooza.

Ndoo Tupu: Ya Moshi ni udongo wa volkano, dada. Huu wa gunia la dukani ni habari nyingine.

Mama Wawili: Mmenitonesha kidonda. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, huku ndiyo kwanza dafodili zinafunguka. Kijiji chetu kilikuwa uani kwenye beseni la kufulia: kijumba cha magome, kamba ya nguo yenye vitambaa vyekundu upana wa ukucha, simbi zilizonyofoka kwenye kapu la zawadi la Zanzibar. Shuleni watoto wameambiwa kichimbakazi huja usiku akiachiwa chakula. Basi kabla ya kulala wakaweka maziwa kwenye kizibo, na asali kwenye kombe tuliloliokota ufukweni Skegness.

Bibi kamaliza sala ya alfajiri, kumepambazuka, kavuta pazia la jikoni. Kitambaa chekundu, simbi, asali, maziwa, kijumba. Watu wa pwani semeni wenyewe alichokiona. Mimi niliamshwa na mume wangu akiitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Nashuka ngazi nasikia, "Ndiyo maana hupigi simu nyumbani!" Hata chai haijaiva, Tanga nzima inajua. Mawifi wamefungua kikao WhatsApp, mmoja anataka picha ya beseni, mwingine anasema isipigwe picha kabisa. Mume wangu, aliyegundisha ule uzio kwa mkono wake, kainama anakoroga chai. Bibi kachemsha maji na chumvi, kasoma anachokijua, kamwaga yote. Taimu ilinyauka siku hiyo hiyo, na udongo haukuotesha hata magugu. Mdogo akauliza mbele yake kama bibi amewaua.

Kindi wa Bustani: 😂😂 Kainama anakoroga chai! Niko kwenye basi, watu wananitazama.

Abu Salha: Bibi hakukosea. Unamwachia chakula usiyemjua, halafu unawaita watoto waone?

Mwalimu Mstaafu: Hata wenyeji waliingizwa mkenge. 1917 kule Cottingley wasichana wawili walijipiga picha na vichimbakazi vya karatasi. Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes, akaamini, akaandika habari zake jaridani 1920. Walikuja kukiri 1983, vikongwe.

Abu Salha: Na asali inaingiaje hapo, mwalimu?

Wifi Mkubwa: Mimi pia ni wifi wa watu, na ningetaka picha. Wa kulaumiwa ni huyo mume.

Kindi wa Bustani: Amseme mama yake mbele ya mkewe? Hebu tuheshimiane.

Mzee wa Leicester: Jamani, swali langu. Jalidi ya usiku je?

Ndoo Tupu: Maua kama lobelia usiyatoe nje kabla ya katikati ya Mei. Usiku wa baridi kali funika kwa gazeti.

Kibanda Umiza: Mimi natoa mwezi wa tatu. Kinachokufa kife.

Mama Nunu: Adui ni koa. Fukia kikombe cha bia, watazama humo.

Abu Salha: Na bia tena!

Wifi Mkubwa: Mama Wawili, bibi anarudi lini?

Mama Wawili: Mwezi wa sita. Mume keshajenga kituo cha daladala, anasema hapo hakuna wa kulala.

Mzee wa Leicester: Mmetumia gundi gani? Yangu ikilowa tu inaachia.