Mjadala: Ukaguzi wa waliolazwa muda mfupi Marekani unamlinda nani?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana wengi wetu tulioko Marekani ama tunafanya kazi wodini, ama tuna wazazi wanaotumia Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Hoja yangu ni kwamba ukaguzi wa waliolazwa muda mfupi, yaani kupitia upya mafaili ya wagonjwa hao ambao Medicare ilishawalipia, unatazama upande mmoja tu. Unamsaka aliyelazwa bila kustahili, ili serikali irudishiwe fedha. Aliyestahili kulazwa akaandikwa mgonjwa wa nje hana anayemtafuta.

Kwa wasiofahamu: tangu Oktoba 2013 ipo kanuni ya usiku mbili. Daktari akitarajia kuwa mgonjwa atahitaji huduma ya hospitali hadi avuke saa sita usiku mara mbili, anamlaza, na dai la malipo linakwenda Sehemu A ya Medicare, inayolipia waliolazwa. Akitarajia muda mfupi zaidi, kwa kawaida mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi. Kitanda ni kilekile, dripu ileile, muuguzi yuleyule, lakini kwenye makaratasi huyo ni mgonjwa wa nje na bili yake inakwenda Sehemu B, inayolipia wagonjwa wa nje.

Hebu tazameni saa zenyewe. Aliyeanza kuhudumiwa Jumatatu saa tano na nusu usiku akaruhusiwa Jumatano saa moja asubuhi amekaa saa 31 na nusu, na amevuka saa sita usiku mara mbili. Aliyeanza saa saba usiku wa kuamkia Jumanne akaruhusiwa Jumatano saa nne asubuhi amekaa saa 33, zaidi ya mwenzake, na amevuka mara moja tu. Huyu wa pili akiwa amelazwa rasmi, faili lake ndilo linaloweza kuitwa na wakaguzi.

Kinachouma zaidi huja baadaye. Medicare ya kawaida, ile inayoendeshwa na serikali moja kwa moja, hulipia kituo cha uuguzi, mahali pa kupata nafuu baada ya hospitali, ikiwa mgonjwa amelazwa rasmi siku 3 mfululizo, na siku ya kuruhusiwa haihesabiwi. Muda wa uangalizi hauhesabiwi kabisa, hata mtu alale pale usiku nne. Chukueni bibi aliyeanguka akapata ufa kwenye mfupa wa nyonga usiohitaji upasuaji. Anahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya viungo. Kama alilazwa na ametimiza siku zake, siku 20 za kwanza kituoni analipiwa zote. Kama alikuwa chini ya uangalizi, anajilipia tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2016 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilikadiria kuwa katika mwaka wa fedha 2014 Medicare ililipa karibu dola bilioni 2.9 kwa wagonjwa wa muda mfupi ambao huenda hawakustahili kulazwa. Ripoti hiyohiyo ilieleza pia kwamba wapo waliolala hospitali usiku 3 au zaidi na bado wakakosa haki ya kituo cha uuguzi. Mbona tunakumbuka mabilioni tu?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi niko ofisi ya bili, na ukaguzi nautetea. Sehemu A hulipa kiasi kilichopangwa kulingana na ugonjwa, kwa hiyo kumlaza mtu usiku mmoja kwa maumivu ya kifua, vipimo vyote safi, kuliweza kuiingizia hospitali fedha nyingi kuliko uangalizi. Mfuko huo unajazwa na makato ya mishahara yetu. Lazima mtu aulinde.

Kilichoharibika ni namna ya kuulinda. Kampuni za kurejesha malipo, zilizopewa na Medicare kazi ya kukagua madai yaliyokwisha kulipwa, zililipwa kamisheni, asilimia 9 hadi 12.5 ya walichookoa. Ni kweli kwamba rufaa ya hospitali ikishinda kamisheni inarudishwa, lakini rufaa zenyewe zilichukua miaka. Na mtego mkubwa ulikuwa huu: mkaguzi aliruhusiwa kurudi nyuma miaka 3, wakati hospitali ina mwaka 1 tu tangu siku ya huduma kuwasilisha dai upya kama la mgonjwa wa nje. Dai likikataliwa mwaka wa pili, hospitali inakosa malipo yote mawili kwa huduma iliyotolewa kweli. Rufaa zikafurika hadi mwaka 2014 serikali ikasema: chukueni asilimia 68 ya malipo mnayodai, mfute rufaa zenu.

Oktoba 2015 kazi ikahamishiwa kwa taasisi za uboreshaji wa huduma, zenye mkataba na Medicare lakini hazili kamisheni. Zilianza kuchukua sampuli na kuwafundisha madaktari. Na ninachokiona mimi kwenye mafaili, mara nyingi kosa si wizi. Daktari kaandika "mlaze" akaishia hapo. Hakusema kwa nini anatarajia usiku wa pili: figo mbovu, dawa za kuzuia damu kuganda, hatari ya kuanguka tena. Tangu 2016 hata usiku mmoja unaweza kukubalika sababu zikiandikwa vizuri. Mistari mitatu ingeokoa dai.

Mchangiaji wa pili

Mama yangu alipewa ile karatasi ya taarifa ya uangalizi akiwa bado amelewa dawa za maumivu. Akaambiwa asaini, akasaini. Hakuna aliyetueleza habari ya kituo cha uuguzi hadi siku ya kutoka.

Mleta mada

Pole sana, dada. Karatasi hiyo ni ya kisheria: uangalizi ukizidi saa 24, mgonjwa lazima aipate kabla ya saa 36 kwisha, na aelezwe kwa mdomo pia. Lakini haimpi haki ya kukata rufaa.

Rufaa ipo kwa wachache. Kesi ya wagonjwa wa Medicare dhidi ya serikali, iliyofunguliwa 2011, ilishinda mahakama ya rufaa mwaka 2022, na tangu 2025 mgonjwa aliyelazwa kisha hospitali ikambadilisha kuwa wa uangalizi anaweza kulalamika, kwa masharti. Aliyewekwa chini ya uangalizi tangu mwanzo hana mlango huo.

Mkuu uliye ofisi ya bili, hatupingani sana. Nataka sampuli ileile ya wakaguzi ichukue pia mafaili ya uangalizi yaliyovuka usiku mbili, na kosa likionekana, siku za mgonjwa zihesabiwe kama amelazwa. Bunge nalo liamue kuhesabu usiku wa uangalizi kwenye zile siku 3. Muswada huo umepelekwa mara nyingi haupiti. Wakati wa Uviko sharti la siku 3 lilisimamishwa hadi Mei 11, 2023, kwa hiyo hatuombi jambo ambalo halijawahi kufanyika. Anayeona gharama zitakuwa kubwa mno aje na hoja, ila aseme pia ni nani analipa gharama hizo sasa hivi.