Ushirika wa maziwa au kibanda cha jirani?

Wa_Dagoretti: Wadau, nina ng'ombe wawili hapa Dagoretti. Kibanda cha jirani hunilipa taslimu kila jioni. Ushirika hulipa mwisho wa mwezi, na bei iko chini. Kwa nini nijiunge?

MamaNapia: Mimi mwanachama wa ushirika wa maziwa wa Githunguri, kule Kiambu. Ushirika ulianza 1961, na maziwa ya pakiti ya Fresha mnayonunua huko mjini ni yetu. Usiangalie bei ya kilo peke yake. Chakula cha ng'ombe kikiisha, nachukua gunia kwa duka la ushirika, wanakata kwa malipo ya maziwa. Mpandishaji, yule wa kumtia ng'ombe mbegu, pia hivyo hivyo. Kiangazi ng'ombe wangu anakula, samadi inarudi shambani kwa majani ya napia. Kibanda chako kitakukopesha gunia? Na mvua ikianza, maziwa yakijaa kila mahali, utasikia "leo hatuchukui".

Fundi_Hesabu: Sawa, lakini omba kwanza hesabu zilizokaguliwa. Ushirika wetu wa zamani ulitucheleweshea pesa mpaka watu wakauza ndama. Mwenye ng'ombe mmoja ana kura moja kama mwenye ishirini, basi nendeni mkutanoni, msitume salamu!

Wa_Dagoretti: Na maziwa ya watoto?

MamaNapia: Yatoe kabla ya kupeleka. Hakuna anayekulazimisha kupima yote.