Tupeane uzoefu: panya, fuko, kima, nguruwe pori. Mtego upi, bunduki ipi, risasi ipi?

Habari zenu wakuu. Mimi nipo Uru, Moshi Vijijini. Kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, hakifiki ekari moja, ni migomba na kahawa, na mahindi nalima tambarare kule Kahe. Msimu uliopita nilipata magunia kumi na manne, nikayapanga stoo nyuma ya jiko. Mwezi wa kumi na moja nafungua gunia la chini kabisa, nakuta pumba na mavi ya panya. Punje zipo, lakini zimetobolewa kwenye kiini. Panya anaanza na kiini kwa sababu ndipo penye mafuta na utamu, na punje isiyo na kiini huwezi kuipanda. Iliniuma sana, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa mbegu.

Naomba kila mmoja alete lililomkuta yeye, si la kusikia. Naanza na langu.

Kosa langu lilikuwa kukimbilia bunduki. Niliona fahari kuwa na ya upepo, nikasema panya wamekwisha. Kabla ya kununua nilikwenda ofisi ya kijiji, nikapewa barua, nikaenda polisi kuuliza utaratibu. Hilo silijutii hata kidogo. Nawaomba wote, hata muuzaji akikwambia "hii ya upepo haina shida", pita polisi kwanza, maana siku ya kuulizwa utaulizwa wewe.

Nilichukua ya kukunja mtutu, ya milimita 5.5. Ile ya 4.5 inakwenda kasi na kunyooka vizuri, lakini kwa panya wa dari mwenye mwili naona 5.5 inamlaza papo hapo bila kumtesa. Risasi zake nilinunua makopo mawili tofauti, moja kichwa cha mviringo, jingine kichwa bapa. Nikabandika karatasi kwenye gogo la mgomba, hatua ishirini, nikapiga tano tano. Za mviringo zilikusanyika mahali ningeweza kufunika na kizibo cha soda. Za bapa zilisambaa kama kiganja. Rafiki yangu wa Kibosho ana bunduki nyingine, kwake ikawa kinyume kabisa. Kwa hiyo usiulize watu risasi ipi nzuri, iulize bunduki yako kwenye karatasi.

Sasa matokeo. Miezi miwili ya kukesha na tochi, panya kumi na mmoja. Halafu nikanunua mitego ya mbao ya kubana, ishirini, na ndani ya wiki moja nikatoa panya hamsini na wawili. Tangu hapo bunduki naitoa kwa panya mmoja mmoja mjanja aliyekataa mtego, basi. Tena ndani ya stoo ya zege siipigi kabisa, risasi inagonga ukuta na kurudi.

Kuhusu kutega: panya hakatizi katikati ya chumba, anatembea ameegama ukutani. Mtego unauweka ukitazama ukuta, upande wa chambo ndio ugusane nao. Siku tatu za kwanza weka chambo bila kutega, ale, azoee, kwa sababu panya wa nyumbani anaogopa kitu kigeni. Usiku wa nne ndipo unategesha yote kwa pamoja. Chambo changu ni siagi ya karanga kidogo sana, ukubwa wa punje ya mahindi, ili alambe, asinyakue akakimbia. Dagaa nao wazuri, ila funga kwa uzi.

Karibuni.

Mama Kuku, Himo

Asante baba kwa kuanzisha. Mimi naomba nizungumzie sumu, kwa sababu imeniumiza.

Kuna wale vijana wanaopita na spika, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto". Nilinunua pakiti tatu za unga wa kijivu, hauna lebo, hauna jina. Nikachanganya na pumba, nikaweka banda la kuku kwenye kona. Panya walikufa kweli. Asubuhi ya pili mbwa wetu alikula panya mmoja aliyefia uani, na hadi saa sita mchana mbwa hayupo. Kilichonitetemesha zaidi ni kwamba mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa anacheza uani palepale. Hadi leo nikikumbuka nakaa chini.

Tangu siku hiyo hakuna sumu nyumbani kwangu. Nimeziba matundu yote ya banda kwa waya mgumu wa vishimo vidogo, siyo ule wavu mwepesi wa kuku ambao panya anapita na nguchiro anauchana. Na nimetengenezewa kizimba cha kukamatia akiwa hai, mlango unaanguka akikanyaga kibao ndani. Kwa nguchiro nilitumia yai bovu. Usiku wa kwanza nilimkamata paka wa jirani. Ingekuwa mtego wa meno paka yule angekatika mguu, ila kwa kuwa ni kizimba nilimfungulia akaenda zake. Usiku wa tatu nguchiro aliingia. Nikampigia bwana wanyamapori, akaja kumchukua.

Duka la pembejeo, Ngaramtoni

Mama pole sana. Naomba nimwongezee kitaalamu kidogo, nipo kwenye biashara hii miaka tisa.

Unga ule wa kijivu kuelekea weusi, wenye harufu kama ya kitunguu saumu, mara nyingi ni zinki fosfaidi. Ukiingia tumboni unatoa gesi, na hauna dawa ya kuuzima. Zile za vipande vya rangi, kwa mfano bromadioloni, zinafanya damu isigande, panya anakufa baada ya siku kadhaa. Hizo zina dawa ya kuokoa mtu, vitamini K1, ila awahi hospitali na pakiti aibebe mkononi, daktari aisome. Ndiyo maana kitu kisicho na lebo ni cha hatari mara mbili.

Tuna bahati sisi wa Arusha, makao makuu ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yapo hapahapa Ngaramtoni. Ukitilia shaka dawa, nenda nayo uulize kama imesajiliwa. Na panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye yuko hatarini. Jamani msiwaue bundi. Najua wengi tunasema ni ndege wa uchawi, lakini bundi anakula panya kila usiku bila kudai mshahara.

Mwana wa Kibosho

Kwa upande wa fuko, bunduki haina kazi, yupo chini ya ardhi, na sumu hali hovyo. Mimi nimefundishwa na babu.

Ukiona kichuguu kipya cha udongo chini ya mgomba, chimba taratibu kwa panga hadi ukute njia yake. Ipo ya mviringo, imesuguliwa ikang'aa. Usiache harufu ya mkono wako humo, babu alikuwa anapaka mikono udongo uleule na majani ya mgomba kwanza. Unakata fito mbichi ndefu kama mtu mzima, unachomeka upande mmoja ardhini, unaikunja kama upinde. Kwenye ncha unafunga kamba yenye kitanzi, kitanzi kinakaa ndani ya njia kikigusa kuta zake pande zote. Kinachozuia fito isifyatuke ni kijiti kidogo kilichofungwa na kipande cha kiazi kitamu. Fuko hapendi njia yake iwe wazi, upepo ukiingia anakuja kuiziba, anasukuma udongo, anagusa kile kijiti. Unasikia tu "pwaa", fito imesimama.

Babu alikuwa anatega jioni na kukagua alfajiri, haachi mtego siku mbili. Alisema mnyama akining'inia kwenye kamba mchana kutwa ni dhambi yako. Mimi nimeshika hivyo hivyo. Mwaka huu nimetoa saba, na migomba mitatu iliyokuwa imeinama imetoa machipukizi.

Chalii wa Tengeru

Ndoo ya lita ishirini, spoku ya baiskeli katikati, kopo la soda linazunguka, siagi ya karanga juu ya kopo, kibao cha kupandia. Maji chini kina cha shubiri. Usiku mmoja panya kumi na wanne. Asubuhi wafukie shimoni, vaa glavu.

Mwanzisha mada

Kaka wa Tengeru umegusa glavu, naomba nikazie. Panya akifa, viroboto wanamhama wakitafuta joto. Wazee wa Lushoto wanaijua tauni tangu mwaka 1980. Na ile homa ya Mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022 ilithibitika kuwa leptospirosisi, ugonjwa unaopita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Kwa hiyo tusimshike kwa mkono mtupu, na mahindi yaliyokojolewa tusiyachezee.

Dada wa Rombo

Samahani wadau, mimi shida yangu ni kima. Wanashuka kutoka msituni, wanakula parachichi zikiwa bado changa, wanang'ata moja wanatupa. Mume wangu anataka kuweka nyaya za kutega. Kuna aliyefanikiwa?

Mwanzisha mada

Dada, nakusihi kama ndugu, mzuie shemeji. Nyaya zimekatazwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na msitu ule ni hifadhi, uliingizwa kwenye Hifadhi ya Kilimanjaro mwaka 2005. Tena waya hauchagui. Jirani yangu alitega kwa ajili ya kima, akanasa mbega. Nilimwona mwenyewe, mkia mweupe umejaa damu, anatutazama. Askari wa hifadhi walikuja, na jirani aliipata joto ya jiwe.

Kilichonisaidia mimi ni kuamia kwa zamu. Tulikubaliana nyumba tano, kila siku nyumba moja inatoa mtu na mbwa, kuanzia alfajiri hadi saa nne, halafu tena saa tisa. Hizo ndizo saa zao. Na tulikata matawi yaliyokuwa yanagusana na miti ya msituni, wakawa hawana daraja, inabidi watembee chini, na chini kuna mbwa.

Meku wa Karatu

Nimesoma yote, vijana mnafanya vizuri. Mimi ndiye pekee humu mwenye bunduki ya marisau naona, ile ya risasi za chembe nyingi, ninayo kwa leseni tangu nikiwa kijana. Niwaambie ukweli wa nguruwe pori.

Wanakuja usiku mahindi yanapotia maziwa. Kundi moja linaweza kulaza robo ekari kabla hujavaa viatu. Mwaka wa kwanza nilipiga kwa marisau madogo ya ndege, ndiyo niliyokuwa nayo. Nguruwe aliondoka na majeraha, tukamkuta siku ya nne kwenye korongo, bado yu hai. Nililia, siwafichi. Mnyama yule hakustahili vile. Kwa nguruwe ni marisau makubwa au risasi ya donge moja, na usizidi hatua thelathini. Kama hamwoni bega vizuri kwa tochi, teremsha mtutu.

La pili, piga ukiwa juu ya dungu. Siyo kwa ajili ya kuona tu. Ukipiga kutoka juu, risasi inayokosa inaingia ardhini. Wanaoniuliza habari ya raifo ya pointi 22, nawaambia risasi ile ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Huko kwenu Uru na Kibosho nyumba zimebanana kwenye migomba, hamwezi kujua nyuma ya jani kuna nani. Mtu wa kihamba asitamani raifo.

La tatu, sipigi kabla afisa wanyamapori wa halmashauri hajafika kuona uharibifu. Mara zote mbili alikuja, akaandika, akatoa ruhusa, na usiku ule alikuwa pale pale chini ya dungu. Nyama hatukugawana, kwa sababu mnyama yule ni nyara ya serikali hata kama ameuawa shambani kwako. Wapo waliofungwa kwa kitoweo cha siku moja.

Mama Kuku, Himo

Meku shikamoo. Nimejifunza. Je, panya wa shambani wanaochimbua mbegu, kuna njia?

Mwana wa Kibosho

Mama, yule ni panya shamba, jike wake ana chuchu hadi ishirini na nne, mimba yake ni wiki tatu na siku kidogo. Ukitega peke yako, jirani anakuletea wengine wiki ijayo. Sisi tulitega kitongoji kizima wiki mbili kabla ya kupanda, tukafyeka na kingo za mifereji wanakojificha. Wiki mbili baada ya kupanda ndizo za hatari, mche ukishasimama anauacha.

Mwanzisha mada

Hilo naliiga. Jumapili baada ya ibada nimeomba nafasi kwa mwenyekiti wa kitongoji, nina mitego ishirini, jirani zangu watatu wameahidi kumi kumi. Mvua za masika hazijaanza, kwa hiyo siku tatu za chambo bila kutega zinaanza Jumatatu jioni. Kila asubuhi nitahesabu na kuleta hapa, kihamba kwa kihamba.