Vokali iliyoshonwa kwa teki nyingi: bado ni uimbaji?

Mada: Wimbo ukiunganishwa kutoka teki tano (rekodi tano za kuimba wimbo uleule) za siku mbili, anayesikika ni mwimbaji au mhariri? Na taarabu ifanyiwe hivyo?

FundiMitambo: Ni uimbaji, mradi mhariri achague mstari kwa mstari, si silabi kwa silabi. Teki 3 hadi 5 zinatosha. Zaidi ya hapo koo linachoka. Kata kabla ya pumzi au kabla ya k, p, t, kamwe si katikati ya irabu, halafu weka krosfedi (kipande kimoja kinafifia huku kingine kikiingia) ya milisekunde 5 hadi 20. Ukiacha pumzi za teki zote mbili, mwimbaji anasikika akivuta hewa mara mbili mfululizo.

MpigaGanuni: Mkuu, hayo ni ya mwimbaji aliye peke yake. Kundi la taarabu likipiga chumba kimoja, fidla inaingia hadi kwenye maiki ya ganuni (ala ya nyuzi nyingi). Badilisha kipande cha fidla, na lile kosa la zamani litabaki likisikika kwa mbali. Tena bila kliki (mlio wa kuongoza mwendo), teki ya kwanza inakwenda midundo 92 kwa dakika, ya tatu 95. Unashona nini hapo? Rudieni wote.

FundiMitambo: Traki zote (rekodi ya kila maiki) zikatwe pamoja, kabla tu ya pigo la ngoma ya dumbaki, ili pigo lifunike mshono. Tofauti ya mwendo ndiyo kikwazo cha kweli, hapo nakubali. Ila kushona si aibu: mwaka 1966 mpiga piano Glenn Gould aliandika waziwazi kwamba fugi (utungo wa sauti zinazofuatana) moja ya Bach aliiunganisha kutoka teki ya 6 na ya 8, kwa kuwa kila moja peke yake ilichosha.

SikioKali: Mnasahau siku ya pili. Leo mdomo uko sentimita 15 kutoka kwenye maiki, kesho 30: uzito wa sauti unapungua, chumba kinasikika. Bandika utepe sakafuni, andika kiwango cha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki). Na faili la 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) likichezwa kama la 44.1 linapungua mwendo kwa asilimia 8 na kushuka karibu robo tatu ya toni. Watu humlaumu mwimbaji bure.

MpigaGanuni: Na kiitikio kilichoimbwa mara moja kikanakiliwa mara nne? Katika taarabu kila marudio huja na madoido yake. Hapo mwimbaji amenyimwa kazi yake, na mimi sikubali.